Nani Anasema Ndani ya Chombo?



Ulipoanza kisomo, mwalimu aliandika herufi ubaoni. Herufi zile hazikuwa na sauti. Zilikaa kimya mpaka mtu aliyezijua alipofungua kinywa na kuzisoma. Maandishi yote yako hivyo. Yananyamaza mpaka apatikane wa kuyapa sauti.

Siku hizi viko vyombo vinavyosema. Simu inasema. Kipo kipimo cha homa kinachotaja joto la mgonjwa kwa sauti. Ziko mizani zinazotaja uzito. Mtu akisikia chombo kinasema, huenda akajiuliza, "Nani yumo ndani? Je, chombo hiki kinajua kinachosema?"

Maswali hayo ni mazuri, na yana majibu. Katika somo hili tutafungua chombo kimoja cha zamani. Tutaona nani ndani yake anatoa amri, nani anatoa sauti, na wanasikilizana vipi. Tumechagua cha zamani kwa sababu sehemu zake zimetengana, kila moja na kazi yake. Ukikielewa hicho, utavielewa na vya leo.

1. CHOMBO KILICHOFUNDISHA TAHAJIA

Mwezi wa Juni mwaka 1978, kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilionyesha chombo kipya katika maonyesho mjini Chicago. Kiliitwa Speak & Spell. Maana yake ni "sema na uandike kwa herufi sahihi". Bei yake ilikuwa kama dola 50. Kilikuwa na vitufe vya herufi zote, kioo cha kuonyesha herufi nane, na kilitumia betri nne.

Kazi yake ilikuwa kufundisha watoto tahajia ya Kiingereza. Tahajia ni kuandika neno kwa herufi zake sahihi. Chombo kilitaja neno kwa sauti. Mtoto alibonyeza herufi moja moja. Akipata, chombo kilimwambia kuwa amepata. Akikosa, kilimwambia ajaribu tena.

Kabla ya hapo walikuwapo wanasesere waliosema. Lakini ndani yao mlikuwa na santuri ndogo au utepe uliozunguka. Vitu hivyo huchakaa na kukwaruzika. Ndani ya Speak & Spell hapakuwa na kitu cha kuzunguka. Mlikuwa na vipande vidogo vya silikoni, ambavyo tunaviita chipu. Chipu ni kipande kidogo kuliko ukucha, nacho kimechorwa njia nyingi nyembamba za umeme. Kwa kukilinda, hufungwa ndani ya kifuko kigumu cheusi chenye miguu ya chuma.

2. WATATU WENYE KAZI TATU

Fikiria mwenyekiti wa kijiji anataka kuita mkutano. Yeye hapigi mbiu. Anamwita mpiga mbiu na kumwagiza. Mpiga mbiu ana pumzi na anaijua pembe yake, lakini hapigi mpaka aagizwe. Na kama mwenyekiti anataka habari za mwaka jana, anakwenda kwenye kabati la majalada. Kabati lina habari nyingi, lakini halina mdomo.

Ndani ya Speak & Spell walikuwamo watatu wa namna hiyo. Sisi tutawapa majina ya Kiswahili.

Msimamizi ni chipu inayoamua. Inatazama ni kitufe gani kimebonyezwa. Inajua sasa ni zamu ya kutaja neno au zamu ya kusahihisha. Lakini haina sauti.

Msemaji ni chipu inayotengeneza sauti. Lakini haijui herufi, haijui mtoto, wala haijui neno lina maana gani.

Ghala ni chipu za kuhifadhi. Zilikuwa mbili. Ndani yake mlitunzwa maneno na maelezo ya sauti zake.

Kila mmoja peke yake hafai kitu. Msimamizi bila Msemaji ni bubu. Msemaji bila Msimamizi hukaa kimya siku zote. Ghala bila hao wawili ni kabati lililofungwa.

3. LUGHA YA NJIA NNE

Sasa tuone Msimamizi anamwambiaje Msemaji. Hawasemi kwa maneno. Wanatumia njia nne za umeme.

Chukua taa moja. Ina hali mbili tu: imezimwa au imewaka. Iliyozimwa tuiandike 0. Iliyowaka tuiandike 1. Habari hiyo ya 0 au 1 inaitwa biti.

Taa moja ina hali 2. Taa mbili zina hali 4: zote zimezimwa, ya kwanza tu imewaka, ya pili tu imewaka, au zote zimewaka. Taa tatu zina hali 8. Taa nne zina hali 16. Kila ukiongeza taa moja, hali zinakuwa mara mbili. Jaribu darasani kwa kutumia visoda. Kisoda kilichofunikwa ni 0, kilichofunuliwa ni 1.

Kwa hiyo njia nne za umeme zinaweza kutaja nambari 16, kuanzia 0 hadi 15. Njia ya kwanza kutoka kushoto ni ya 8, ya pili ni ya 4, ya tatu ni ya 2, ya nne ni ya 1. Unajumlisha zile zenye umeme. Ukiona 1010, hesabu 8 na 2. Jibu ni 10.

Msimamizi na Msemaji walipatana juu ya maana ya nambari hizo. Amri zilikuwa nane:

0 – Acha, anza upya.
2 – Pokea sehemu ya anwani.
4 – Nipe biti zilizosomwa.
6 – Sema polepole.
8 – Soma biti moja kutoka ghalani.
10 – Sema.
12 – Soma anwani iliyoandikwa ghalani, uende huko.
14 – Je, bado unasema?

Lakini kuna jambo moja. Njia nne hazibadiliki zote kwa wakati mmoja kabisa. Nyingine huwahi, nyingine huchelewa kidogo sana. Msemaji akizisoma katikati ya mabadiliko, atasoma nambari isiyo sahihi. Kwa hiyo ipo njia ya tano. Hiyo ni ya kubisha hodi. Msimamizi hupanga kwanza nambari yake kwenye njia nne. Ikishatulia, hubisha hodi kwa njia ya tano. Ndipo Msemaji anasoma. Bila hodi, hasomi.

Hata sisi tunafanya hivyo. Mgeni hasemi shida yake akiwa bado njiani. Anafika mlangoni, anabisha hodi, anakaribishwa, ndipo anasema.

4. SAFARI YA NENO MOJA

Tuseme Msimamizi anataka mtoto aandike neno fulani. Neno hilo limehifadhiwa ghalani, mahali penye nambari yake. Nambari ya mahali hapo inaitwa anwani. Safari inakwenda hivi:

Hatua ya kwanza: Msimamizi anatuma anwani. Anwani ni ndefu, na njia ni nne tu. Kwa hiyo anaigawa katika sehemu tano. Kila sehemu anaitanguliza kwa amri ya 2. Ni kama mtu mwenye magunia matano na baiskeli inayobeba gunia moja. Atakwenda safari tano.

Hatua ya pili: Msemaji anaifikisha anwani kwenye Ghala. Ghala linafungua mahali pale.

Hatua ya tatu: Msimamizi anatuma amri ya 10, "Sema".

Hatua ya nne: Msemaji anavuta biti kutoka ghalani, moja baada ya nyingine, na kutengeneza sauti. Hapa Msimamizi hashiki kitu. Biti za sauti hazipiti kwake. Amekwisha agiza, sasa kazi ni ya Msemaji na Ghala.

Hatua ya tano: Msimamizi anatuma amri ya 14, "Je, bado unasema?" Jibu linarudi kwa njia moja kati ya zile zile nne. Ni biti moja tu: ndiyo au hapana. Likiwa ndiyo, anasubiri na kuuliza tena. Likiwa hapana, anaendelea na neno linalofuata.

Hivyo ndivyo sentensi ilivyojengwa. Kipande cha kwanza kilikuwa na anwani yake, neno lenyewe lilikuwa na anwani yake. Msimamizi aliviita kimoja kimoja, na mtoto akasikia sentensi nzima.

5. SAUTI INATENGENEZWAJE?

Weka vidole viwili kooni. Sasa vuta sauti hii: zzzzz. Koo linatetemeka. Sasa vuta hii: sssss. Koo limetulia. Ni pumzi tu inayopita kati ya ulimi na meno.

Ondoa vidole. Sema a, kisha i, kisha u. Koo linafanya kazi ile ile. Kinachobadilika ni umbo la kinywa. Kwa a unafungua. Kwa i unatanua midomo. Kwa u unaikusanya.

Wahandisi waliitumia elimu hiyo. Walichukua sauti ya mtu iliyorekodiwa. Kompyuta kubwa ikaipima. Badala ya kuhifadhi sauti yenyewe, walihifadhi maelezo ya namna ya kuitengeneza. Sekunde moja iligawanywa vipande 40. Kwa kila kipande yaliandikwa mambo haya:

Nguvu ya sauti ni kiasi gani?
Koo linatetemeka au la? Kama linatetemeka, sauti ni nene au nyembamba?
Umbo la kinywa likoje? Hili lilielezwa kwa nambari kumi.

Maelezo ya kipande kimoja hayakuzidi biti 49. Piga hesabu: mara 40 kwa sekunde ni biti 1,960.

Sasa linganisha. Kama wangehifadhi sauti yenyewe, wangeipima mara 8,000 kila sekunde, kila kipimo kwa biti 8. Hizo ni biti 64,000 kwa sekunde moja. Chipu mbili za Ghala zilikuwa na nafasi ya biti 262,144 kwa jumla. Kwa njia hiyo ghala lote lingejaa kwa sauti ya sekunde 4 tu. Kwa njia ya maelezo, ghala hilo hilo linachukua zaidi ya dakika 2. Ndiyo maana chombo cha betri nne kiliweza kutaja maneno mengi.

Jambo la kukumbuka ni ile nambari ya nguvu. Ikiwa 0, Msemaji ananyamaza kwa kipande hicho, kisha anaendelea. Ikiwa 15, maana yake ni "mwisho wa neno". Hapo Msemaji anaacha kabisa, na akiulizwa kama bado anasema, atajibu hapana.

6. KWA NINI LAZIMA KUSUBIRI?

Msimamizi ana haraka kuliko Msemaji. Neno moja huchukua karibu sekunde nzima kutamkwa. Kwa Msimamizi, sekunde ni muda mrefu sana. Kwa nini asitume anwani ya neno la pili papo hapo?

Sababu ni hii. Msemaji bado anavuta biti za neno la kwanza. Ukibadilisha anwani, Ghala litaanza kutoa biti za mahali pengine. Msemaji hatajua. Atazipokea kana kwamba ni za neno lile lile. Biti ya nguvu atadhani ni ya kinywa, na ya kinywa atadhani ni ya koo. Kitakachotoka ni mlio usio na maana.

Hata anwani ikikosewa kwa biti moja tu, mambo ni hayo hayo. Msemaji ataanza katikati ya neno, au mahali pasipo na neno kabisa. Atakoroma na kulia mpaka akutane na nambari ya kumaliza. Wala hatasema, "Samahani, sikuelewa." Hawezi, kwa sababu hata neno sahihi hakulielewa. Kwake yeye neno na kelele ni kitu kimoja. Zote ni biti.

7. NJIA YA PILI: KULISHA KAMA KINU CHA MASHINE

Ipo njia nyingine. Badala ya kutuma anwani, Msimamizi mwenyewe anambebea Msemaji biti za sauti.

Chipu moja iliyofanya hivyo iliitwa TMS5220. Ilitumika pamoja na kompyuta ya BBC Micro ya Uingereza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1981. Kompyuta hiyo ilikuwa pia na ghala lake la maneno, na maneno yale yalitokana na sauti ya Kenneth Kendall, msomaji habari wa BBC. Lakini chipu ile iliweza pia kulishwa moja kwa moja.

Umewahi kupeleka mahindi mashineni? Juu ya mashine pana sanduku la kumiminia. Ukimimina mengi kupita kiasi, yanamwagika. Ukiacha sanduku likawa tupu, mashine inazunguka bure. Anayemimina lazima atazame sanduku.

Msemaji wa namna hii alikuwa na sanduku dogo la baiti 16. Baiti ni biti 8, kwa hiyo sanduku lilichukua biti 128. Msimamizi hakuweza kuona ndani ya sanduku. Kwa hiyo Msemaji alitoa ishara. Ishara ya kwanza ilisema, "Niko tayari kupokea." Hiyo ndiyo karibu yake. Ishara nyingine ilisema, "Sanduku limefika nusu au chini ya nusu, ongeza." Ishara ya tatu ilisema, "Sanduku ni tupu."

Nusu ya sanduku ni biti 64. Kipande kimoja cha sauti kilikula mpaka biti 50. Basi ishara ya kuongeza ikitolewa, kilichobaki ni chakula cha kipande kimoja na kidogo. Msimamizi akichelewa kwa kazi nyingine, sanduku linakuwa tupu, na Msemaji anakata neno katikati.

Njia hii ina faida. Msimamizi anaweza kuleta maneno kutoka popote, hata yale ambayo hayamo ghalani. Hasara yake ni kwamba hawezi kuondoka mashineni.

8. NJIA YA TATU: KUUNGANISHA SAUTI

Wewe hukujifunza kila neno peke yake. Ulijifunza sauti: ma, me, mi, mo, mu. Kisha ukaziunganisha ukapata mama, mume, moto.

Kampuni ya General Instrument ya Marekani ilitengeneza chipu ya namna hiyo. Iliitwa SP0256-AL2. Ndani yake hamkuwa na maneno. Mlikuwa na sauti 59 na vituo vya kimya 5. Jumla ni 64. Kumbuka visoda: njia sita zinatosha kutaja nambari 64.

Mazungumzo yake yalikuwa mafupi. Msimamizi anapanga nambari ya sauti, kisha anabisha hodi. Msemaji anaanza kuitoa sauti hiyo. Akiwa na nafasi ya kupokea nyingine, anatoa ishara ya "leta". Msimamizi anapanga nambari inayofuata, anabisha tena. Mwishoni anaweka kituo cha kimya, la sivyo sauti ya mwisho itavutwa tu bila kukoma.

Kwa njia hii unaweza kujenga neno lolote. Lakini sauti zile zilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza cha Marekani. Ukijenga neno la Kiswahili, litasikika kama la mgeni ambaye ameshuka leo.

Hata hivyo Kiswahili kina heshima yake katika kazi hii. Kwa sehemu kubwa tunaandika kama tunavyotamka. Herufi a ni a katika kila neno. Hata ng'ombe na ngoma tumezitenga kwa alama ndogo. Mkazo karibu siku zote uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo kanuni za kugeuza maandishi ya Kiswahili kuwa nambari za sauti ni chache. Kiingereza kinahitaji kanuni nyingi sana, na bado maneno mengi hayafuati.

9. SAUTI HII INAMSAIDIA NANI?

Mwaka 1976 kampuni ya Telesensory Systems ya Marekani ilitoa kikokotoo kilichosema. Kiliitwa Speech+. Kikokotoo ni mashine ndogo ya kupigia hesabu. Hiki kilijua maneno 24 tu: majina ya tarakimu na maneno machache ya hesabu. Kilitengenezwa kwa ajili ya wasioona.

Pengine utasema maneno 24 ni machache. Lakini fikiria mfanyabiashara asiyeona. Kabla ya hapo alilazimika kumwomba mtu amsomee jibu la hesabu yake. Kama msomaji si mwaminifu, fedha zimepotea. Kwa maneno 24 aliweza kupiga hesabu zake mwenyewe na kusikia jibu kwa sikio lake. Wewe uliyesoma hesabu zako mwenyewe kwa mara ya kwanza unajua furaha hiyo.

Leo simu nyingi zinaweza kusoma maandishi kwa sauti. Kazi ya Msimamizi na Msemaji mara nyingi hufanywa ndani ya chipu moja, na kompyuta hujifunza sauti kutoka kwa watu waliorekodiwa kwa saa nyingi. Lakini utaratibu ni ule ule. Anayeamuru lazima ataje kinachotakiwa, ahakikishe mpokeaji yuko tayari, na ajue kazi imekwisha.

10. TAHADHARI

Sasa tunaweza kujibu swali letu. Ndani ya chombo hamna mtu, lakini kila neno limeanzia kwa mtu. Kuna aliyerekodi sauti. Kuna aliyeandika orodha. Kuna aliyepanga amri. Chombo chenyewe hakijui kinachosema.

Jambo hili si dogo. Tuseme kipimo cha homa kinachosema hakikukaa vizuri kwapani mwa mtoto. Msimamizi atapokea joto lisilo sahihi, na atamwamuru Msemaji alitaje. Msemaji atalitaja kwa sauti ile ile tulivu. Sauti yake haitetemeki akitaja uongo, wala haipandi akitaja kweli. Mama akiamini sauti tu, na huku mtoto anawaka moto, anaweza kuchelewa kumpeleka zahanati.

Kwa hiyo fanya hivi. Sikia sauti, kisha soma nambari kwenye kioo. Tazama mgonjwa. Ukiwa na shaka, pima tena. Mtoto akiwa na hali mbaya, mpeleke zahanati hata kama kipimo kimesema yuko salama. Na kama mwenzako haoni, msomee kioo kwa uaminifu, au kagua naye jinsi kipimo kilivyowekwa.

Vilevile katika kusoma. Unaweza kutamka kila herufi ya hati bila kujua hati inasema nini. Ukifanya hivyo umekuwa Msemaji. Usitie sahihi karatasi uliyoitamka tu. Uliza maana ya neno lililokushinda. Rudia sentensi. Msemaji hana njia ya kuuliza, lakini wewe unayo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Amri: nambari inayomwambia Msemaji afanye nini.
Anwani: nambari ya mahali neno lilipohifadhiwa.
Baiti: biti nane.
Biti: habari ndogo kuliko zote, 0 au 1.
Chipu: kipande kidogo cha silikoni chenye njia za umeme.
Tahajia: kuandika neno kwa herufi zake sahihi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Panga visoda vinne vionyeshe amri ya "Sema". Kisha vionyeshe amri ya "Je, bado unasema?"
2. Kwa nini Msimamizi hupanga nambari kwanza, ndipo abishe hodi?
3. Njia tano zinaweza kutaja nambari ngapi?
4. Kuna tofauti gani kati ya kuagiza neno kutoka ghalani na kulisha sanduku?
5. Taja hati moja ambayo watu wa kijiji chenu huitia sahihi. Isomeni pamoja darasani. Ni maneno gani ndani yake ambayo mnaweza kuyatamka lakini hamjui maana yake?